Yasmin wa Oldonyo Sambu

Denge niliyemjua mimi alizungumza kama kijana wa Ngaramtoni. Shafi Adam Shafi hakuandika hivyo popote. Denge wake ni Mzanzibari, msomi aliyerudi kutoka Urusi, mtu wa vikao vya siri anayewindwa na makachero wa serikali ya kikoloni, na Kiswahili anachopewa katika Vuta N'kuvute ni cha Unguja, kitamu na kilichonyooka. Lakini mimi niliisoma riwaya hiyo Oldonyo Sambu, upande wa Mlima Meru unaonyimwa mvua, kando ya barabara ya Namanga, ambako ukiacha dirisha wazi mchana kitabu hujaa vumbi kabla hujamaliza sura. Vijana wabishi niliowafahamu, wale wasiomwogopa mkubwa, walikuwa wa barabara hiyo. Nikampa Denge sauti yao, tukaenda naye hivyo hadi ukurasa wa mwisho.

Bwana Raza, yule mtu mzima aliyeozeshwa Yasmin angali msichana mdogo, alipata miwani na kikohozi cha mwenye duka mmoja wa mjini. Mwajuma, shoga aliyempokea Yasmin wakati ndugu wa damu walipomfungia mlango, alipata kicheko cha mama mmoja muuza ndizi, kicheko ambacho hukifikia kibanda kabla yake mwenyewe. Kwa Koplo Matata sikuhangaika. Kila kata ina mgambo wake. Kazi ilikuwa bahari. Huku kwetu mtoto hukua akijua kwamba maji ni kitu kinachokuja kwenye madumu mgongoni mwa punda, si kitu cha kusimama mbele yake na kukosa kuona mwisho. Nikauchukua uwanda wa kaskazini, ule unaoshuka kuelekea Longido na ambao jioni hugeuka buluu, nikautia majahazi. Kwa muda mrefu Unguja yangu ilianzia hapo.

Watu hupenda kuulizana kipi kitangulie, kitabu au filamu, na wengi hujibu haraka kwamba kitabu, kisha huishia hapo. Wanazungumza kana kwamba kitabu ni kitu kimoja kinachokaa rafuni kikimsubiri mwongozaji aje akiharibu. Chapa ni moja, lakini kitabu kilichosomwa si kimoja. Aliyekisoma Pemba ana chake, aliyekisoma Bukoba ana chake, na wa Oldonyo Sambu anacho hiki chenye majahazi Longido. Mwongozaji anapokuja na filamu yake anaingia kwenye umati wa waongozaji wenzake, ambao kila mmoja amekwisha kuchagua waigizaji, tena bila kulipwa na bila kuombwa.

Mwaka 2021 mwongozaji huyo alikuwa Amil Shivji, ambaye miaka minne nyuma alikuwa ametoa T-Junction. Vuta N'kuvute yake ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwezi Septemba. Mwaka uliofuata Tanzania ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar katika kundi la filamu za kimataifa, mara ya pili tu nchi yetu kupeleka filamu huko, baada ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwanzoni mwa miaka ya 2000. Riwaya yenyewe ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na kwa miaka mingi imekuwa mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchi nzima. Kwa hiyo filamu hii ilizaliwa ikiwa na kitu ambacho filamu za Kiswahili hazina kwa kawaida: halaiki ya watu walioisoma kabla. Filamu zetu nyingi huandikwa moja kwa moja kwa ajili ya kamera, na mtazamaji huja mikono mitupu. Kwa hii alikuja amebeba kitabu kizima, pamoja na maksi alizopata au kuzikosa kwa ajili yake.

Gudrun Columbus Mwanyika, aliyemwigiza Denge, alipofungua kinywa, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba huyu siye. Ikhlas Gafur Vora alipotokea kama Yasmin, nikasema vilevile. Waigizaji hawakuwa na kosa lolote. Hata Yasmin mwenyewe angeletwa hapo angekataliwa. Nilichokuwa nakikataa ni sura yoyote ile, kwa sababu Yasmin wangu hakuwa na sura kamili. Ukiniambia nimchore, ningeweza kuchora namna anavyogeuka, namna anavyonyamaza mbele ya mjomba wake Gulamhussein, pengine mkono. Pua yake siijui. Maneno yanaruhusu mtu akae nawe kurasa zaidi ya 200 bila pua. Kamera hairuhusu, ikimwonyesha mtu inamwonyesha na pua yake, na kuanzia dakika hiyo mjadala umefungwa.

Basi aliyesoma hawi mtazamaji wa kawaida. Anakaa mbele ya filamu kama ndugu aliyekuja kwenye mirathi: wenzake wanamlilia marehemu, yeye anahesabu vyombo. Yuko wapi fulani? Mbona ile safari haipo? Yale maneno aliyomjibu, yamekwenda wapi? Filamu ina muda wa kama saa moja na nusu, imejifunga kwa Yasmin na Denge na mapenzi yao yanayoishi katikati ya harakati, na ni haki yake. Riwaya ina Mombasa, ina mtu kama Bukheti mwenye uzito wake katika maisha ya Yasmin, ina miaka inayopita taratibu na watu wanaobadilika bila mtu kuwaona. Hayo hayaingii yote kwenye saa moja na nusu, na sisi tuliosoma tunajua kwamba hayaingii. Hata hivyo tunahesabu.

Aliyekaa karibu nami hakuwa ameisoma. Yeye ni fundi wa kuchomelea, mtu mzima, mpenzi wa filamu tangu enzi ambapo kwenda mjini kutazama picha Metropole lilikuwa jambo la kuvalia viatu. Hakuhesabu chochote. Makachero walipokaribia alisogea mbele kwenye kiti, Yasmin alipokuwa taabani alitikisa kichwa na kuguna, na mara moja aliniuliza kwa kunong'ona, "Watamshika huyu?" Nilijua jibu la Shafi, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoona waziwazi mimi na yeye tunatazama vitu viwili. Mwenzangu alikuwa na hofu, kitu ambacho msomaji amekwisha kukitumia chote siku nyingi zilizopita, kitandani, kwa mwanga wa simu. Mimi nilikuwa nayo hofu ya aina nyingine: si kama Denge atashikwa, bali kama watamshika vizuri. Na ni kweli kwamba hofu yake ndiyo yenye raha zaidi. Wanaosema kusoma kwanza hakupunguzi kitu hawajawahi kukaa karibu na fundi yule.

Lakini kuna mahali filamu ilinishika nikaacha kuhesabu. Taarabu. Imo kwenye riwaya, na kila mwanafunzi anajua kuwa imo, maana huulizwa. Ila mimi niliyesomea huku taarabu yangu ilikuwa ya redio ya jirani, imepita ukuta wa mabanzi, nusu yake upepo. Kwenye filamu Mwajuma ni Siti Amina, na Siti Amina ni mwimbaji wa taarabu kwelikweli, wa bendi ya Siti and the Band ya Zanzibar, si mwigizaji aliyefundishwa kufungua mdomo kwenye wimbo wa mwingine. Pale nilipewa kitu ambacho kurasa haziwezi kutoa, hata zikiandikwa na Shafi. Vilevile lafudhi. Lile neno la Kiunguja ambalo nilikuwa nikilisoma kwa ulimi wa Arusha, herufi zote zikiwa pale pale, lilitoka kwenye kipaza sauti likiwa na mteremko wake, na nikajua mwandishi alikuwa akisikia nini alipokuwa akiliandika. Denge wangu wa Ngaramtoni hakurudi tena kama alivyokuwa. Sikusikitika sana, kijana yule alikuwa amenisaidia kufika.

Niliitazama tena peke yangu. Safari hii vyombo vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa, vilivyopotea vinajulikana, na kwa mara ya kwanza niliona picha: vichochoro vya Mji Mkongwe, giza, namna kamera inavyokaa na mtu kimya bila haraka. Nadhani lawama nyingi zinazotupiwa filamu zilizotokana na vitabu ni lawama za mtazamo wa kwanza. Watu wanatoka wamekagua, wanadhani wametazama.

Upande wa pili, wa kuanza na filamu, una hasara yake, na nina mfano ambao nusu ya Watanzania wanaufahamu bila kujua kwamba wanaufahamu. Mwaka 1987 televisheni ya Nigeria ilitengeneza mfululizo wa Things Fall Apart ya Chinua Achebe, na Okonkwo akawa Pete Edochie. Baadaye Edochie akaja kwetu kwenye kanda za Kinigeria, akiwa baba, akiwa chifu, akiwa mzee mwenye methali na fimbo, mpaka vijiji vyetu vikamzoea kama mjomba wa mbali. Kitabu hicho tunakisoma sekondari, na tafsiri yake ya Kiswahili, Shujaa Okonkwo ya Clement Ndulute, ilitoka mwaka 1973. Sasa jaribu kumsoma Okonkwo baada ya Edochie. Huwezi kumpata mwingine. Achebe anakuelezea mtu, na wewe macho yanapita juu ya maelezo kwa sababu unaye tayari, ameketi kwenye kiti chake na sauti yake nzito. Aliyeanza na kitabu anaweza kupoteza raha ya filamu kwa siku moja na kuirudisha siku ya pili. Aliyeanza na filamu anapewa sura, na sura haina mahali pa kurudishwa. Kwa mizani yangu hasara hii ni kubwa kuliko ile.

Hata hivyo si kila manung'uniko ya msomaji ni ya kuhesabu vyombo. Ernest Hemingway aliugua kuhara damu akiwa kwenye uwindaji nchini kwetu mwanzoni mwa mwaka 1934, akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, na miaka miwili baadaye akachapisha hadithi fupi kuhusu theluji ya Kilimanjaro. Harry, mwandishi aliyechezea kipaji chake kwa starehe na fedha za wanawake, anaoza mguu porini kwa sababu ya mchubuko wa mwiba alioupuuza. Anasubiri ndege. Ndege inakuja, rubani anamwambia kwamba huenda watalazimika kutua Arusha kuongeza mafuta, wanapaa. Kisha badala ya kwenda Arusha wanakata kushoto. Mbele yao kunatokea kilele cheupe, na Harry anatambua kwamba huko ndiko anakokwenda. Ndege haikuwapo. Mtu amekufa kambini, fisi analia, mke anaamka.

Naisoma hadithi hiyo kama mtu wa Arusha, na kwangu kisu chote kimo katika kukata kushoto. Arusha ndiyo mji wa mafuta, wa daktari, wa mtu atakayepona. Ndege ikifika Arusha, Harry ni mzima. Msomaji wa Chicago huenda akapita hapo bila kusimama; mimi nasimama kila mara, maana najua kwamba angetua hapa angenyweshwa chai.

Mwaka 1952 Henry King aliitengeneza filamu, Gregory Peck akiwa Harry, na ndani yake Harry anapona. Ndege inafika kweli. Anayetazama bila kusoma anatoka ameridhika: mgonjwa ameokolewa, mke amefarijika, twende nyumbani. Aliyesoma anatoka ameibiwa, na safari hii wizi upo. Filamu haikupunguza kitu ili kiingie kwenye muda, ilikigeuza. Hadithi inayosema kwamba kuna kuchelewa kusikorekebishika imegeuzwa kuwa hadithi inayosema hakuna kuchelewa. Shivji alikata, King aligeuza. Kukata ni kazi ya filamu, na msomaji anayelilia kila tawi lililokatwa anamwonea fundi. Kugeuza kunahitaji kujibiwa, na wa kujibu ni yule aliyesoma kwanza, kwa kuwa ndiye pekee anayejua kwamba pana la kujibiwa. Ukumbini wengine wote wanapiga makofi.

Out of Africa iko mahali fulani katikati. Karen Blixen, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, hakusema kwamba Denys Finch Hatton alikuwa mpenzi wake; alimwandika kama rafiki anayekuja na kuondoka. Filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985, iliyoondoka na Oscar 7, ilichota kwenye vitabu vya waliomchunguza baadaye, ikayafanya mapenzi hayo kuwa shina. Wakikuyu wa shambani, Farah, Kamante, watu wanaokijaza kitabu, wakasogezwa pembeni ya picha. Aliyesoma anahisi kwamba ameambiwa siri ambayo Blixen mwenyewe aliamua kuifunga. Wengine huipenda siri hiyo. Mimi ningependa Kamante zaidi.

Sisi wa chini ya Meru tuna filamu moja ambayo haina kitabu kabisa, na bado tunaitazama kama watu waliosoma. Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa kwa sehemu kubwa hapa hapa, pande za Momella, John Wayne akikamata wanyama hai kwa ajili ya mabustani ya wanyama. Mjerumani Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, aliipenda nchi hadi akanunua shamba Momella. Mtazamaji wa mbali anafuata hadithi, na hadithi yenyewe ni nyepesi kama karatasi. Mtu wa Arusha hafuati hadithi. Anatafuta mlima. Kila gari la wakamataji linapokata kona yeye anasema, hapa ni wapi hapa, mbona Meru iko upande ule, huyu mtu anaelekea wapi? Tembo wadogo wanapoingia mjini anasahau kabisa kilichowaleta, anaangalia majengo. Hapo nchi yenyewe ndiyo kitabu tulichokisoma kwanza, na ukaguzi ni ule ule. Nawashangaa kidogo wanaosema jambo hili ni la wasomi.

Ni hivyo pia kwa kuhadithiwa. Oldonyo Sambu haina jumba la sinema. Kuna kibanda umiza chenye mabenchi, ambacho kazi yake kubwa ni mpira, na siku zisizo na mpira huweka filamu za mapigano zilizotiwa maneno ya Kiswahili na mtafsiri anayekwambia shujaa anawaza nini hata kama shujaa hawazi. Skrini za kisasa ziko mbali, jijini; nauli ya kwenda na kurudi ikijumlishwa na tiketi ni mlo wa nyumba. Hivyo filamu nyingi hapa hufika kwa mdomo. Mmoja ameona, kumi wameambiwa, na wale kumi wakija kuiona huwa wameshaisoma, kwa maana yoyote ya kazi hiyo. Wanajua mwisho. Wana sura zao. Wanamlaumu mwongozaji kwa kutofuata alichosema msimuliaji.

Vijana wetu wanaofaulu kuingia kidato cha tano hupangwa mikoa ya mbali, nao wakirudi likizo hurudi na vitabu vya fasihi vilivyokwisha jalada. Siku moja ya mnada, mbuzi wakipitishwa kuelekea kwa wanunuzi na bodaboda zikipiga honi katikati yao, nilikaa na watatu kwenye kibaraza cha fundi pikipiki nikawasimulia filamu ya Vuta N'kuvute, kwa sababu hawakuwa na namna ya kuiona na walikuwa wakinisumbua. Sikufika mbali. Nilipofika kwa Yasmin, binti mmoja alinikatiza.

"Mwalimu, samahani. Yasmin hawezi kuwa hivyo."

"Umemwona?"

"Kwenye kitabu, ndiyo."

Kisha akanieleza Yasmin wake: mwembamba, anayetembea upesi, mwenye tabia ya kuangalia chini kabla ya kusema jambo zito. Mwenzake akapinga, Yasmin hawezi kuangalia chini, msichana aliyethubutu kumkimbia mume angalie chini kwa nini? Wakagombana juu ya shingo ya mtu ambaye hayupo, na juu ya filamu ambayo hawajaiona. Fundi pikipiki akaacha spana kusikiliza. Nilifurahi sana, nikaona nisiendelee kusimulia.

Kijana wa tatu alikuwa kimya. Ndiye aliyekuwa na maksi nzuri kuliko wenzake. Nikamuuliza, na wewe, Yasmin yukoje?

"Ni mhusika mkuu."

Alikuwa na haki. Alikuwa amesoma uchambuzi, kile kijitabu chembamba chenye dhamira, migogoro, falsafa na ujumbe kwa nambari, na kukihifadhi chote. Angeweza kukutajia ndoa za kulazimishwa, ubaguzi, usaliti, nafasi ya mwanamke, kila moja na mifano yake miwili. Kitabu chenyewe hakuwahi kukifungua. Shuleni kwao nakala zilikuwa chache na zilipokezanwa kwa zamu, na zamu yake ilimkuta na majaribio ya hisabati. Simlaumu. Mtihani unauliza kile alichokisoma, nao ulimlipa.

Ila mjadala mzima wa kipi kitangulie unaporomoka mbele ya kijana huyu. Ushauri wa kawaida, kwamba asome kwanza, kwake hauna maana, maana kwa hesabu za shule amekwisha soma. Hana Yasmin wa kuharibiwa. Hakuna mwigizaji atakayemfanya aseme huyu siye. Ataitazama filamu bila kuhesabu vyombo, bila hofu pia, kwa kuwa kijitabu kimemwambia mwisho. Amepoteza raha ya msomaji na raha ya fundi wa kuchomelea kwa pamoja. Kwa ajili yake ningetaka filamu itangulie, leo leo, kwenye ukuta wa darasa, projekta ikikosekana hata kwenye simu. Angalau angepata Yasmin mmoja, wa Shivji, mwenye pua na shingo na sauti. Pengine akimpata huyo angetaka kujua kwa nini binti wa kibarazani anambishia, na huko ndiko kitabuni.

Wenye mamlaka ya mitaala na wenye haki za filamu wangeweza kulimaliza jambo hili kwa kikao kimoja. Riwaya iko darasani, filamu ipo, lugha ni ile ile. Sioni sababu mwanafunzi wa Longido au Monduli aijue filamu ya kitabu chake kwa kusimuliwa kwenye kibaraza cha fundi. Na mtihani uulize siku moja, bila nambari, Yasmin wako yukoje; kijitabu hakitakuwa na jibu.

Wewe msomaji ambaye hukusoma kwa ajili ya maksi, nina ombi moja. Shafi ana riwaya nyingine, Kuli, ya mwaka 1979, ya Rashidi na wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Kwa kamera ni nyepesi kuliko Vuta N'kuvute: ina meli, ina mizigo, ina umati unaokataa kufanya kazi. Mwongozaji atakayeifikia atampa Rashidi sura moja, nayo itakuwa nzuri, na ndiyo itakayobaki. Kaitafute Maktaba ya Mkoa, au muulize mwenye duka la vitabu akuagizie, na uisome mwaka huu, Rashidi akiwa bado hana mwigizaji.